Usukani Unapolia: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kumfikia Fundi

Wiki hii ukurasa wetu wa familia unaingia mahali ambapo hauna desturi ya kuingia, nako ni chini ya boneti ya gari. Tumefanya hivyo kwa sababu iliyo wazi. Gari siku hizi si la baba peke yake. Kina mama wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Ukunda huwapeleka watoto shule asubuhi na madrasa alasiri, huwapeleka wazee hospitali, huenda harusini na matangani, na wengi wao hushika usukani wenyewe. Hata hivyo, gari linapoanza kutoa sauti isiyo ya kawaida, aghalabu mazungumzo huwa ni ya mume na fundi wake. Mama aliyeisikia sauti hiyo mwanzo, naye ndiye aliyekuwa ndani ya gari kila ilipotokea, haulizwi kitu.

Tumechagua sauti moja tu, ile inayosikika usukani unapokatwa. Tumeichagua kwa kuwa usukani ni kiungo kinachobeba uhai wa wote waliomo garini. Tena ni sauti ambayo tiba yake huweza kuwa chupa moja ya mafuta, au huweza kuwa kubadilisha mtambo mzima, na baina ya tiba hizo mbili pana tofauti kubwa ya fedha. Asiyejua lolote hulazimika kukubali bei yoyote atakayotajiwa. Anayejua kidogo huweza kuuliza, na swali moja lililo mahali pake huhifadhi mali ya nyumba.

Nguvu ya usukani hutoka wapi

Magari ya kale yaliendeshwa kwa nguvu za mikono mitupu, ndiyo maana malori ya zamani yalikuwa na usukani mpana kama sinia ya pilau. Mhandisi wa Kimarekani, Francis W. Davis, alionyesha mwaka 1926 kwamba mafuta yaliyosukumwa kwa shinikizo yangeweza kumsaidia dereva kugeuza magurudumu. Hata hivyo haikuwa hadi mwaka 1951 ambapo kampuni ya Chrysler iliuza gari la watu wa kawaida lenye msaada huo. Mpango wa mtambo huo haujabadilika sana tangu hapo.

Mbele ya injini pana mshipi wa mpira ambao mafundi huuita belti. Mshipi huo huzungusha pampu ndogo. Pampu huvuta mafuta kutoka katika kopo lake, huyasukuma kupitia mpira mgumu wenye kuhimili shinikizo kubwa, na kuyafikisha katika mtambo unaolala baina ya magurudumu mawili ya mbele. Mtambo huo mafundi huuita reki. Dereva anapokata usukani, vali iliyomo ndani hufungua njia upande mmoja, mafuta yakasukuma, na magurudumu yakageuka kwa wepesi. Baada ya kufanya kazi hiyo mafuta hurudi koponi kupitia mpira mwingine ulio laini zaidi, kisha mzunguko huanza upya. Usukani unapokatwa hadi mwisho, shinikizo ndani ya mtambo huweza kuzidi mara 30 ya upepo uliomo katika tairi.

Kwa hiyo mafuta haya yana kazi tatu. Hubeba nguvu, hulainisha vyuma, na huondoa joto. Yakipungua, yakichafuka au yakiingiwa na hewa, kazi zote tatu huharibika pamoja, na mlalamikaji wa kwanza huwa ni pampu.

Ni vyema kujua kwamba si kila gari lina mafuta haya. Magari mengi madogo, kama vile Honda Fit na Toyota Prius, husaidiwa na mota ya umeme, wala hayana pampu wala kopo la mafuta ya usukani. Magari makubwa zaidi ya miaka ya nyuma, kama Toyota Hiace na Prado, ndiyo yenye pampu na mafuta. Yapo pia machache, kama Mazda Axela za mwanzo, yenye mafuta yanayosukumwa na pampu ya umeme, nayo hayana mshipi wa kuzungusha pampu hiyo. Njia rahisi ya kujua ni kufungua boneti na kutafuta kopo dogo lenye kifuniko kilichochorwa alama ya usukani. Likikosekana, na taa yenye picha ya usukani ikiwaka mbele ya dereva, tatizo ni la umeme. Hapo huanza kuangaliwa betri, kwani betri iliyochoka huweza kuukatia usukani nguvu. Asije mtu akakuuzia mafuta ya usukani kwa gari lisilokuwa nayo.

Sauti na maana zake

Kabla ya kufungua chochote, msikilize gari lako kwa utulivu. Zima redio, fungua madirisha, simama mahali patupu, kisha ukate usukani kushoto na kulia taratibu. Andika sauti ilivyo na wakati inapotokea, maana maelezo hayo ndiyo nusu ya kazi ya fundi.

Mlio mkali unaopasua masikio, hasa asubuhi injini inapowashwa au usukani unapokatwa hadi mwisho, mara nyingi hutoka kwenye mshipi. Mshipi uliolegea au uliochakaa huteleza juu ya pulii badala ya kuizungusha. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, utazame. Ukiuona unang'aa upande wa ndani kama kioo, una nyufa, au umelowa mafuta, basi umekwisha. Mshipi ni kifaa cha bei nafuu ukilinganisha na pampu, na kuubadilisha si kazi ya siku nzima.

Sauti ya kuvuma au kuguna, inayopanda kila injini inapoongezewa kasi na kuzidi usukani unapokatwa, ni dalili ya mafuta kupungua au kuingiwa na hewa. Hewa hukandamizika ilhali mafuta hayakandamiziki, hivyo pampu inayovuta povu hulia na usukani hutetemeka mikononi. Hii ndiyo sauti inayosikika zaidi, na ndiyo inayoharakishwa kuitwa ugonjwa wa pampu ilhali pampu bado ni nzima.

Ikiwa mafuta yamejaa, ni safi, hayana povu, na bado sauti hiyo inaendelea, sababu mbili hubaki za kuchunguzwa kabla ya kuilaumu pampu. Ya kwanza ni chujio dogo lililo ndani ya makopo ya baadhi ya magari, ambalo huziba kwa uchafu na kuinyima pampu mafuta. Ya pili ni mpira unaotoka koponi kwenda kwenye pampu. Mpira huo ukikauka au kibano chake kikilegea, huvuta hewa bila kudondosha hata tone, kwa sababu pale pampu inavuta wala haisukumi. Yote mawili yakiwa salama, hapo ndipo pampu inaposhukiwa.

Mfoko mwembamba kama wa mvuke, unaosikika pale tu usukani unapofika mwisho na kushikiliwa hapo, ni vali ya usalama inayopunguza shinikizo. Huo si ugonjwa. Lakini usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa mafuta huchemka na pampu huumia. Wanaoegesha katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako hapana budi kukata usukani hadi mwisho mara nyingi, wajizoeze kuulegeza kidogo kila unapofika kikomo.

Sauti ya kugonga, tak tak, gari linapopita juu ya matuta au mashimo, haihusiani na mafuta hata kidogo. Hiyo hutoka katika viungo vya chuma na mpira vinavyounganisha usukani na magurudumu. Isicheleweshwe hata siku moja, kwani kiungo cha usukani kikichomoka gurudumu halimtii tena dereva.

Tena kuna usukani mzito usio na sauti yoyote. Huo, kabla ya jambo jingine, upimiwe upepo wa tairi za mbele. Tairi laini huufanya usukani kuwa mzito.

Kuyatazama mafuta

Hapa tunawasihi kina mama na kina dada jambo moja la usalama. Mshipi na feni havimtambui mtu wala havina huruma. Kabla ya kuinama chini ya boneti, vua au funga kwa nguvu ushungi na mtandio, kunja mikono ya buibui, na uweke kando bangili na pete. Injini iwe imezimwa na ufunguo umetolewa, kwa kuwa feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa bado ya moto. Kama hakuna sitara ya kufanya hivyo barabarani, subiri ufike nyumbani.

Egesha gari mahali tambarare. Pangusa kopo na kifuniko chake kwa kitambaa kikavu kabla ya kukifungua, maana punje moja ya mchanga ikiingia ndani husaga pampu. Makopo mengi yana alama mbili, ya juu ni ya mafuta yakiwa moto na ya chini ni ya mafuta yakiwa baridi. Mengine hayaonyeshi ndani, nayo hupimwa kwa kijiti kilichomo katika kifuniko. Kiwango kiwe baina ya alama, na kisizidi ya juu, kwani mafuta hutanuka kwa joto na kufurika.

Chovya karatasi nyeupe. Mafuta mengi ya aina hii huanza yakiwa mekundu na angavu. Yakiwa ya hudhurungi yamezeeka. Yakiwa meusi, au yakinuka kama kitu kilichoungua, yamechoka kabisa na yamebeba vumbi la mipira na vyuma. Yakiwa na povu au rangi ya maziwa, yameingiwa na hewa au maji. Watengenezaji wengi hawaweki muda maalumu wa kuyabadilisha, na kwa ajili hiyo yanasahauliwa. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na mengi ya hayo hutoka Japani. Gari la namna hiyo likishatumika hapa miaka mingine mitano au sita, huenda bado lina mafuta yaleyale liliyozaliwa nayo.

Mafuta yakiwa yamepungua, yameenda mahali, kwa sababu mtambo huu hauyachomi. Tandika kipande cha boksi chini ya gari usiku mmoja. Maji matupu yasiyo na rangi ni ya kiyoyozi, wala si ya kutia hofu. Doa jekundu au la hudhurungi upande wa mbele wa injini huashiria pampu na mipira yake. Tahadhari kwamba mafuta ya gia otomatiki nayo huwa mekundu, basi fundi ahakikishe yanatoka wapi. Halafu tazama mifuko ya mpira yenye mikunjo, iliyoko kila upande wa reki karibu na magurudumu. Ikiwa imelowa au imejaa mafuta, sili za ndani ya reki zimekufa, na hapo fundi anayesema reki ishughulikiwe anasema kweli. Pwani yetu ina hewa ya chumvi inayokula vibano na mabomba ya chuma, kwa hiyo sehemu hizo nazo zisiachwe bila kuangaliwa.

Mafuta yapi

Kifuniko cha kopo au kitabu cha gari hutaja aina inayotakiwa. Magari mengi ya Kijapani ya zamani, yakiwemo ya Toyota, hutumia mafuta ya gia otomatiki ya daraja la Dexron. Honda ina mafuta yake maalumu, na magari kadhaa ya Ulaya hutumia mafuta ya kijani ambayo hayachanganywi na mekundu. Vitabu vya magari yaliyotoka Japani huwa kwa Kijapani, hivyo maandishi ya kwenye kifuniko ndiyo mwongozo wa kwanza, na muuzaji wa spea mwaminifu ndiye wa pili.

Katu usitie mafuta ya breki. Yanafanana na haya kwa kuwa yote huingia katika makopo madogo yaliyo karibu karibu, lakini asili yake ni nyingine, na sili za mtambo wa usukani huvimba na kuoza zikikutana nayo. Kosa hilo la dakika moja huweza kuharibu pampu na reki kwa pamoja. Ama dawa zinazouzwa za kuziba uvujaji, hizo huvimbisha sili kwa muda tu. Huahirisha ugonjwa, haziuponyi.

Njia ya nyumbani

Ikiwa mafuta yamechafuka lakini hakuna uvujaji, kuyabadilisha ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtu mtulivu. Vinavyohitajika ni bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba mbele yake, chupa ya kutilia mafuta machafu, matambara, na lita 2 za mafuta sahihi.

Injini ikiwa imezimwa na mafuta yamepoa kiasi cha kuwa vuguvugu, vuta yote yaliyomo koponi. Jaza mapya hadi alama. Washa injini, kata usukani polepole kushoto na kulia mara chache, zima, kisha tazama kiwango. Liendeshe gari kwa siku mbili tatu, halafu urudie. Usiwashe injini kopo likiwa tupu hata kwa sekunde, maana pampu inayozunguka bila mafuta hujila yenyewe.

Kwa nini kurudia? Chukua mfano wa gari lenye lita 1 ya mafuta katika mtambo mzima, na kopo linaloshika mililita 400. Kila ukivuta na kujaza, unaondoa asilimia 40 tu ya kilichopo. Baada ya mara ya kwanza asilimia 60 ya mafuta ya zamani hubaki. Baada ya mara ya pili hubaki 36, baada ya tatu hubaki kama 22, na baada ya nne hubaki 13 hivi. Anayefanya mara moja na kuridhika ameosha sufuria kwa maji machafu. Anayefanya mara nne kwa wiki mbili amefanya kazi inayokaribia ukamilifu, bila kufungua mpira hata mmoja.

Njia ya gerejini

Njia kamili zaidi ni ya kuufungua mpira wa kurudisha mafuta. Hii tunashauri ifanywe na fundi, au na watu wawili wenye uzoefu, lakini ni muhimu mwenye gari azijue hatua zake ili aone kama zimefuatwa.

Magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe au vipande vya mbao. Gari huinuliwa mbele kwa jeki, kisha hukalishwa juu ya stendi madhubuti. Jeki peke yake si ya kutegemewa na mtu anayeingiza mkono chini. Mpira wa kurudisha mafuta huchomolewa kwenye kopo na kuelekezwa katika chupa, na tundu lililobaki koponi huzibwa. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja hukata usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mafuta ya zamani yakitoka chupani, huku mwenzake akiongeza mapya ili kopo lisiwe tupu. Kazi huendelea mpaka kinachotoka kiwe chekundu na safi. Kwa magari mengi madogo lita 2 hutosha. Kisha mpira hurudishwa na kibano chake kukazwa.

Baada ya hapo ni kutoa hewa, na hatua hii ndiyo inayorukwa sana na mafundi wenye haraka. Magurudumu yakiwa bado juu na injini imezimwa, usukani hukatwa polepole mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, kopo likitazamwa na kuongezwa kila kiwango kinaposhuka. Ndipo injini huwashwa na kuachwa ilie taratibu, usukani ukakatwa tena bila kushikiliwa mwishoni. Povu likionekana, injini huzimwa, mafuta huachwa yatulie, kisha hurudiwa. Gari likitoka gerejini na kuanza kuvuma upya baada ya mafuta kubadilishwa, mara nyingi ni hewa iliyobaki, si pampu mpya inayodaiwa.

Mafuta yaliyomwagika yapanguswe yote. Yakibaki juu ya mshipi huuteketeza, na yakidondokea bomba la moshi lenye moto mkali huweza kuwaka.

Mazungumzo na fundi

Hatuandiki haya ili kuwatia watu dhana mbaya juu ya mafundi. Wengi wao ni waume na ndugu zetu wanaotafuta riziki ya halali chini ya jua kali, na mikono yao ndiyo inayoliweka gari barabarani. Dini yetu imeifanya biashara kuwa mlango wa baraka, na imeuwekea mlango huo mlinzi, naye ni amana. Sura ya 83 ya Qur'ani, al-Mutaffifin, huanza kwa onyo kwa wanaopunja katika vipimo. Kumbadilishia mtu kifaa ambacho hakijafa, na kuchukua fedha zake kwa hilo, ni kupunja kusiko na tofauti na jiwe la mizani lililopunguzwa uzito. Kadhalika kumlaza fundi ujira wake baada ya kazi nzuri, au kumtajia bei ya kumdhalilisha, ni kupunja kwa upande wa pili.

Kwa hiyo zungumza naye kwa heshima na kwa ujuzi. Mwambie, "Fundi, usukani unavuma unapokatwa, na sauti inapanda pamoja na injini. Mafuta nimeyaona yamepungua. Nionyeshe kwanza yanavujia wapi." Akisema ni pampu, muulize kama ameuangalia mshipi, chujio na mpira wa kuvutia. Akisema ni reki, mwombe akuonyeshe mafuta ndani ya mifuko yake. Akitaka kutia mafuta mapya, omba kuiona chupa ikiwa bado imefungwa. Akibadilisha kifaa chochote, mwombe akurudishie kile cha zamani. Fundi mwaminifu hakereki na maswali haya, bali huyafurahia, kwa kuwa mteja anayeelewa kazi ndiye anayeujua uzuri wake. Na ikiwa bei ni kubwa, hakuna aibu kusema kwamba utashauriana na jamaa zako, ukaenda kutafuta kauli ya fundi wa pili.

Si lazima kwenda peke yako. Nenda na mume, ndugu au mtoto mkubwa kama hilo linakupa utulivu, lakini maelezo ya sauti yatoke kinywani mwako, kwani wewe ndiye uliyeyasikia.

Usukani ukiwa mzito njiani

Mshipi ukikatika au mafuta yakimwagika yote safarini, usukani hauachi kufanya kazi. Huwa mzito mno ghafla, lakini magurudumu bado yanageuka. Mtu asipolijua hili huingiwa na fazaa na kuuachia. Ushike kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za dharura, na ulielekeze gari pembeni hatua kwa hatua. Katika magari mengine mshipi huohuo huzungusha na pampu ya maji, basi usilazimishe kuendelea na safari ilhali injini inachemka.

Kwa sababu hiyohiyo, asizime mtu injini gari likishuka mteremko ili kuokoa petroli, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wakishuka Mazeras kuelekea Mombasa. Injini ikizimwa, pampu husimama, nguvu ya breki nayo hupungua, na dereva hubaki na gari zito lisilomsaidia.

Jaribio moja dogo linatosha kukuhakikishia kabla ya safari ndefu. Injini ikiwa imezimwa, lakini usukani haujajifunga, ushike na kuusukuma kidogo upande mmoja. Ukiwa umeushika hivyo, washa injini. Ukilegea na kuwa mwepesi mikononi mwako, msaada upo.

Mafuta machafu, maji na watoto

Miji yetu mingi ya pwani imejengwa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, na nyumba nyingi bado zinategemea visima. Mafuta yanayomwagwa uani leo huweza kuonekana katika ndoo ya jirani kesho, naye ndoo hiyo huitia wudhu na huipikia wanawe. Haki ya jirani haiishii katika chakula na maamkizi. Tia mafuta ya zamani katika chupa yenye kifuniko na uyapeleke gereji inayokusanya mafuta machafu. Usiyamwage mtaroni wala baharini.

Na kwa walio na watoto wadogo, neno moja la mwisho ambalo ni zito kuliko yote. Mafuta haya ni mekundu na angavu kama sharubati. Mtoto aliyezoea kuona kinywaji chekundu mezani wakati wa futari hatofautishi. Usiyahifadhi kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Yabaki katika chupa yake yenye maandishi, juu, mahali pasipofikiwa. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa umeichukua chupa hiyo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mvumo mdogo wa usukani ni mwiba wa namna hiyo, na kuutoa mapema hakuhitaji zaidi ya jicho, kitambaa na subira. Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu. Anayesoma dua ya safari akiwa ameshaangalia tairi zake, breki zake na kopo lake la mafuta amefanya yote mawili. Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zenu na za watoto wenu, na azitie baraka riziki za wenye mali na za mafundi wao. Wabillahi tawfiq.